PSA ndogo, damu kwenye mkojo: tuifahamu saratani adimu ya tezi dume

Kila tunapofungua simu za wasikilizaji katika mada ya tezi dume, maswali mengi huwa ni yale yale: nianze kupima nikiwa na miaka mingapi, kidole ni lazima, chakula gani kinazuia. Lakini yapo maswali yanayokuja kwa sauti ya chini zaidi, na mara nyingi anayeuliza ni mtoto wa mgonjwa. Mzee alipima PSA ikawa ndogo, familia ikashukuru Mungu. Baada ya miezi kadhaa anakojoa damu, anafanyiwa upasuaji wa kufungua njia ya mkojo, na karatasi ya maabara inarudi na jina la saratani ambalo hata jirani aliye muuguzi hajawahi kulisikia. Inawezekanaje?

Inawezekana, na maelezo yake ni marefu kuliko nafasi tunayopata hewani kati ya tangazo na taarifa ya habari. Ndiyo maana tumeyaweka hapa kwa maandishi.

Saratani ya tezi dume ndiyo inayoongoza miongoni mwa saratani za wanaume nchini Tanzania, na wanaume wenye asili ya Afrika wako katika hatari kubwa zaidi ya kuipata kuliko wengine. Dunia nzima, mwaka 2022, wanaume wapatao milioni 1.5 waligundulika kuwa nayo. Karibu wote walikuwa na aina moja, ile ya kawaida. Makala haya yanahusu wale wachache waliobaki.

Mito mikubwa na vijito

Tezi dume iko chini ya kibofu, mbele ya njia ya haja kubwa, na mrija wa mkojo unapita katikati yake. Kwa kijana mwenye afya ina uzito wa gramu 20 hivi. Kazi yake ni kutengeneza sehemu ya majimaji yanayobeba mbegu. Majimaji hayo hutengenezwa ndani ya vifuko vidogo sana vilivyotapakaa kwenye tezi, kisha hupita kwenye vijia vinavyoungana kidogo kidogo, kama vijito vinavyoingia mtoni, mpaka kumwagika kwenye mrija wa mkojo.

Saratani ya kawaida huanzia kwenye vifuko, na mara nyingi kwenye ukanda wa nje wa tezi, upande unaotazama njia ya haja kubwa. Ndiyo sababu kidole cha daktari kinaweza kuigusa: pale panapotakiwa kuwa laini pana uvimbe mgumu. Na ndiyo sababu ugonjwa huu hukaa kimya muda mrefu, kwa kuwa mrija wa mkojo uko mbali na mahali panapoota. Wengi wanaokuja hospitali na maumivu ya kiuno na mgongo wamekuwa wakikojoa vizuri tu mpaka saratani ilipofika kwenye mifupa.

Sasa fikiria saratani inayoanzia kwenye vijia vikubwa, vile vilivyo karibu na mrija wa mkojo. Hii huota ikiingia ndani ya njia yenyewe, mara nyingi kwa umbo la vidole vidogo laini vyenye mishipa mingi ya damu. Dalili zake zinafuata hapo: damu kwenye mkojo na mkojo kuziba. Kidole kinaweza kukuta tezi laini isiyo na kasoro. Na kwa baadhi ya wagonjwa PSA hupanda kidogo kuliko mtu angetarajia kwa ugonjwa wa kiwango hicho. Tunasema baadhi kwa makusudi, maana wapo ambao PSA yao hupanda kama ya mwingine yeyote.

Hii ndiyo adenokasinoma ya vijia. Karatasi za majibu katika hospitali zetu huandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo neno la kulitafuta pale ni "ductal". Ile ya kawaida huitwa "acinar". Ikiwa peke yake, haifiki mgonjwa 1 katika 100 wa saratani ya tezi dume. Ikiwa imechanganyika na ile ya kawaida, huonekana mara nyingi zaidi, wagonjwa wachache katika kila 100. Kwa jiji la watu wengi kama Dar es Salaam, adimu maana yake si kwamba haipo.

Njia ya mgonjwa kutoka Kinyerezi

Tumtumie mzee wa mfano, tuliyemtunga kwa ajili ya maelezo haya. Ana miaka 66, anaishi Kinyerezi, eneo ambalo wengi nchini wanalijua kwa mitambo ya umeme wa gesi. Siku moja anaona mkojo wa rangi ya rozela. Hauumi. Kesho yake umerudi kuwa wa kawaida, naye ananyamaza.

Ukirudi mara ya pili anakwenda duka la dawa, na pale anaambiwa ni UTI. Anapewa vidonge vya siku 5. Damu inakoma, kwa kuwa damu ya aina hii hukoma yenyewe na kurudi yenyewe, na mzee anaamini dawa imemtibu. Tukio la tatu linamfikisha zahanati. Hapo mtoa huduma anafikiria kichocho, na hakosei kufikiria hivyo: kichocho cha kibofu kipo pwani yetu, Zanzibar na Kanda ya Ziwa, na damu kwenye mkojo ndiyo dalili yake kubwa. Mkojo unapimwa, mayai hayaonekani, anapewa prazikwanteli kwa tahadhari.

Hapa ndipo wataalamu wa njia ya mkojo wanaposisitiza jambo moja. Mtu mzima aliyevuka miaka 40 akikojoa damu bila maumivu, hata mara moja tu, hata kama imekoma, anatakiwa kuchunguzwa figo, kibofu na tezi dume. Kumtibu kichocho au UTI si vibaya, mradi uchunguzi usiishie hapo.

Mzee wetu anapata rufaa kwenda Amana. Ultrasaundi inaonyesha tezi imekua kiasi, PSA ni 3.1. Kiwango kinachotumiwa na wengi kama mpaka ni 4, kwa hiyo anaambiwa ni ukuaji wa kawaida wa uzee. Anaandikiwa tamsulosini ya kulegeza njia, pamoja na finasteraidi ya kupunguza ukubwa wa tezi.

Tusimame kidogo kwenye hiyo dawa ya pili. Finasteraidi na ndugu yake dutasteraidi hupunguza PSA kwa karibu nusu baada ya miezi 6 hivi ya kuzitumia. Mzee aliyeanza dawa akiwa na 3.1, akapima baada ya mwaka akakuta 2.9, ataona imeshuka. Daktari anayejua dawa anazotumia ataizidisha mara mbili na kupata karibu 6, yaani imepanda. Asiyejua atampongeza. Ukienda kupima PSA kwenye maabara ya mtaani, ambako hakuna anayekuuliza chochote zaidi ya jina na umri, sema mwenyewe kwamba unatumia dawa ya tezi, na taja jina lake. Kumezwa kwa vidonge hivi kienyeji, kwa kuazimana kati ya wazee wa baraza moja, ni jambo tunalolisikia mno.

Miezi inapita. Usiku mmoja mkojo unagoma kabisa. Anawekwa mpira wa mkojo, mfuko wake unafungwa pajani, na kwa wiki kadhaa anapanda daladala za Kariakoo akipita Tabata na Buguruni na suruali pana, akiombea foleni isiwe ndefu. Wenye usafiri wanaweza kupitia Malamba Mawili hadi Mbezi, kisha Barabara ya Morogoro mpaka Kibamba na kuingia Mloganzila, ambako Hospitali ya Taifa Muhimbili ina tawi lake. Kwa vyovyote, anamfikia daktari bingwa wa upasuaji wa njia ya mkojo.

Daktari huyu anapitisha kamera nyembamba kwenye mrija wa mkojo. Badala ya kuta mbili zilizovimba na kukutana katikati, kama inavyokuwa kwa tezi iliyokua kwa uzee, anaona kitu kinachoning'inia ndani ya njia, laini, kinachotoa damu kikiguswa. Anakikwangua kwa waya wa umeme, kipande kwa kipande, na kufungua njia. Upasuaji huu hauchani ngozi. Kila kitu hupitia kwenye mrija.

Vipande hivyo ndivyo vyenye jibu.

Chupa ya nyama

Kuna jambo ambalo familia nyingi hukutana nalo bila kuandaliwa. Baada ya upasuaji, muuguzi anatoka na chupa yenye vipande vya nyama, anamkabidhi ndugu wa mgonjwa na fomu, na kumwambia apeleke maabara ya patholojia. Hospitali kubwa zenye maabara yake hufanya kazi hiyo ndani kwa ndani, lakini kwingineko ni ndugu anayebeba. Wakati huo familia imeshalipia upasuaji, dawa, kitanda. Mzee anakojoa vizuri. Kipimo cha nyama kina gharama yake, na majibu yanaweza kuchukua wiki. Chupa inawekwa kabatini kwanza.

Kwa mgonjwa mwenye aina hii ya saratani, kabati hilo linaweza kugharimu maisha. Kidole hakikuona kitu, PSA haikuona kitu, ultrasaundi iliona tezi kubwa tu. Nyama ndiyo shahidi pekee.

Hiyo nyama inatakiwa kuwa ndani ya fomalini, dawa ya maji yenye harufu kali inayoizuia isioze na kutunza umbo la seli. Maji ya bomba, maji ya chumvi ya hospitali au barafu havifai, na nyama iliyoharibika haina jibu hata ikifika kwa mtaalamu bora nchini. Fomalini iwe nyingi kuliko nyama, mara 10 ya ujazo wake ikiwezekana. Chupa iandikwe jina la mgonjwa na sehemu nyama ilikotoka. Fomu ijazwe maelezo: umri, PSA, dawa anazotumia, na kile daktari alichokiona kwa kamera. Mtaalamu wa patholojia anayepokea fomu iliyoandikwa neno moja tu, "tezi", anafanya kazi gizani.

Maabara huikausha nyama hiyo, huigandisha ndani ya nta, huikata vipande vyembamba kuliko unywele, huipaka rangi na kuiweka chini ya darubini. Saratani ya kawaida huonekana kama viduara vidogo vilivyosongamana. Ya vijia ina seli ndefu zilizojipanga kama miti msituni, juu ya vishina vyenye mishipa ya damu. Inaweza kufanana na saratani ya kibofu, au ya utumbo mpana iliyopenya kuja kwenye tezi, na matibabu ya hizo ni tofauti kabisa. Kwa hiyo wakati mwingine hutumika rangi maalumu zinazotambua protini za tezi dume ndani ya seli. Si kila maabara inazo. Sampuli inaweza kuhitaji kupelekwa kwingine, na hilo si uzembe wa mtu.

Mtaalamu pia hutoa alama. Utaratibu wa alama ulianzishwa na daktari Donald Gleason wa Marekani miaka ya 1960: sura ya saratani hupewa namba, na mbili zinazotawala hujumlishwa. Saratani ya vijia kwa kawaida hupewa 4 na 4, yaani 8. Hiyo ni saratani kali, na ndiyo maana ushauri wa kusubiri na kuangalia, unaotolewa kwa wazee wengi wenye saratani ya kawaida iliyopoa, haufai kwa huyu.

Jina lililokaribia kupoteza njia

Historia ya ugonjwa huu ina kisa ambacho tumeona kinafaa kusimuliwa. Mwaka 1967 madaktari wawili wa New York, Melicow na Pachter, waliandika kuhusu uvimbe wa ajabu waliouona katika tezi dume. Chini ya darubini ulifanana na saratani ya mji wa mimba. Katikati ya tezi dume kipo kifuko kidogo ambacho wakati huo kilihesabiwa kuwa mabaki ya kile ambacho kwa mtoto wa kike huwa mfuko wa uzazi. Wakahitimisha kwamba uvimbe umetoka hapo: saratani ya mji wa mimba, ndani ya mwanaume.

Hitimisho hilo lilikuwa na madhara ya vitendo. Tangu mwaka 1941, Charles Huggins wa Chicago alikuwa ameonyesha kwamba saratani ya tezi dume hulishwa na homoni za kiume, na kwamba kuondoa korodani au kumpa mgonjwa homoni za kike huipunguza nguvu. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Lakini kama uvimbe huu ulikuwa na asili ya mji wa mimba, homoni za kike zingeuchochea. Kwa miaka kadhaa madaktari walisita kuwapa wagonjwa hawa tiba ya homoni. Baadaye uchunguzi wa seli, pamoja na rangi zinazoitambua PSA, ulionyesha kwamba uvimbe ni wa tezi dume yenyewe, na tiba ya homoni ikarudi kwenye orodha yao.

Tezi ilishatolewa, saratani inatoka wapi?

Swali hili hutufikia mara nyingi, na lina mantiki. Mzee alifanyiwa upasuaji, akaambiwa tezi imetolewa, sasa anaambiwa afanyiwe tena.

Chukua chungwa. Upasuaji wa tezi iliyokua kwa uzee, uwe wa kukwangua kwa kamera au wa kufungua tumbo, hutoa nyama ya ndani na kuliacha ganda. Ganda hilo, yaani ukanda wa nje, ndilo saratani nyingi huanzia. Aliyefanyiwa upasuaji huo miaka 10 iliyopita bado ana tezi dume, na bado anatakiwa kupima. Upasuaji wa saratani huondoa chungwa zima pamoja na ganda lake, na vifuko viwili vya manii vilivyo nyuma ya kibofu. Ni upasuaji wa namna nyingine kabisa, ingawa mtaani yote mawili huitwa "kutolewa tezi".

Kabla ya kuamua, madaktari hutaka kujua saratani imefika wapi. MRI ya nyonga huonyesha kama imetoka nje ya tezi, ingawa aina ya vijia inaweza isionekane vizuri kwa MRI kama ile ya kawaida. Mifupa huchunguzwa kwa kipimo maalumu cha mionzi. Na kwa aina hii mapafu lazima yatazamwe kwa CT, kwa sababu ina tabia ya kwenda huko zaidi ya ndugu yake wa kawaida. Mgonjwa aliyepigwa picha ya nyonga peke yake amechunguzwa nusu.

Saratani ikiwa bado iko ndani ya tezi au jirani yake, na mgonjwa ana nguvu za kuhimili, kuondoa tezi yote ni chaguo ambalo madaktari wengi hulipendelea kwa aina hii. Mionzi nayo ni chaguo, pamoja na dawa za homoni, na kwa Dar es Salaam jina linalokuja kwanza ni Taasisi ya Saratani Ocean Road, iliyoundwa kuwa taasisi kwa sheria mwaka 1996. Aliyekwisha kukwanguliwa huhitaji kusubiri kwanza, mara nyingi wiki 6 hadi 12, ili vidonda vya ndani vitulie. Familia nyingi huona kusubiri huko ni kucheleweshwa. Lakini kupasua mapema mahali palipovimba ni kuongeza hatari ya kuumiza utumbo ulio nyuma yake.

Katika hospitali nyingi za ukanda wetu upasuaji huu hufanywa kwa njia ya wazi, mkato ukitoka chini ya kitovu. Mgonjwa huchomwa sindano ya ganzi mgongoni au hupewa nusu kaputi. Daktari hutoa kwanza mitoki ya nyonga, ili ipimwe kama ina seli za saratani. Kisha anakabili mkusanyiko wa mishipa ya damu ulio juu ya tezi, mahali panapotoa damu nyingi kuliko pengine pote. Ndugu wanaombwa kuchangia damu mapema kwa sababu hiyo. Tezi inatenganishwa na utumbo nyuma, inakatwa kutoka kwenye kibofu juu na mrija chini, inatoka nzima. Inabaki nafasi. Shingo ya kibofu inavutwa chini na kushonwa kwenye mrija wa mkojo, mpira ukiwa katikati kama kiegemeo. Mpira huo hukaa wiki 1 hadi 3. Ukichomoka kabla ya siku zake kuna hatari, na kuurudisha si kazi ya zahanati: mgonjwa arudishwe kwa timu iliyompasua.

Baltimore, mara tatu

Novemba 2014 Ikulu ilitangaza kwamba Rais Jakaya Kikwete amefanyiwa upasuaji wa tezi dume katika Hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, nchini Marekani. Saratani yake iligunduliwa mapema, na aliporudi nyumbani alilizungumzia jambo hilo waziwazi. Kwa ugonjwa ambao wanaume huuficha hata kwa wake zao, rais aliye madarakani kuutaja kwa jina kulifanya kazi ambayo mabango mengi hayajaifanya.

Hospitali hiyo hiyo ndiyo mahali ambapo Hugh Hampton Young alifanya upasuaji wa kwanza wa aina hii mwaka 1904, akipitia kwenye msamba. Na ni hapo mwaka 1982 Patrick Walsh alipofanya upasuaji wa kwanza uliokusudia kuziacha neva za uume. Kabla yake karibu kila mwanaume aliyefanyiwa upasuaji huu alipoteza nguvu za kiume, na watu waliamini ndivyo ilivyo lazima. Walsh, akisaidiwa na mtaalamu wa Uholanzi Pieter Donker, aligundua kwamba neva zinazohusika hupita pembeni mwa tezi, kama nyaya mbili kando ya nguzo. Ukijua zilipo, unaweza kuzibandua na kuziacha.

Kwa saratani ya vijia hilo lina mpaka wake. Ikionekana imefika ukingoni mwa tezi upande mmoja, neva ya upande huo huondolewa pamoja nayo. Hili huzungumzwa kabla ya mgonjwa kuingia chumba cha upasuaji, na kwa maoni yetu mke awepo. Tumesikia mengi kutoka kwa wanaume walioambiwa baada. Manii hayatatoka tena, kwa kuwa viungo vinavyoyatengeneza vimeondolewa. Anayetaka mtoto aseme mapema. Raha ya tendo inaweza kubaki. Nguvu, zikirudi, hurudi polepole, kwa miezi hadi miaka 2. Kushindwa kuzuia mkojo huwapata karibu wote siku za mwanzo mpira ukitolewa, na kwa wengi hupungua ndani ya mwaka mmoja wakifanya mazoezi ya kubana misuli ya msamba, kama mtu anayekatiza mkojo.

Ndugu zake wengine

Ya vijia haiko peke yake kati ya hizi adimu. Ipo ya seli ndogo, kali kuliko zote, inayokwenda kwenye ini na mapafu huku PSA ikiwa ndogo kabisa; hiyo mara nyingi imeshasambaa ikigunduliwa, na tiba yake kuu ni dawa za dripu. Ipo ya seli bapa, ambayo baadhi ya taarifa za kitabibu zimeihusisha na kichocho cha muda mrefu. Zipo sarkoma, zinazotoka kwenye misuli na nyuzi za tezi na hazipandishi PSA. Moja yao huwapata watoto wa kiume na vijana. Kijana wa miaka 17 aliyezibwa mkojo hapaswi kurudishwa nyumbani kwa sababu eti tezi dume ni ugonjwa wa wazee.

Baada ya upasuaji

Tezi yote ikitoka, PSA hutakiwa kushuka mpaka karibu na sifuri ndani ya wiki 6 hadi 8. Ikifika 0.2 na kuendelea kupanda, saratani imerudi au ilibaki. Hicho ni kipimo kizuri kwa mgonjwa wa kawaida. Kwa mwenye saratani ya vijia ambayo tangu mwanzo haikutoa PSA nyingi, sifuri haitoshi kumtuliza daktari, naye huongeza picha za kifua na tumbo kila baada ya muda. Mgonjwa anayehama kliniki aende na maelezo hayo, la sivyo atapimwa damu tu na kuambiwa yuko salama.

Kingo za nyama iliyotolewa zikikutwa na seli za saratani, mionzi huongezwa. Ikiwa imesambaa, huja tiba ya homoni: sindano za kila mwezi au kila miezi 3, au upasuaji mdogo wa kuondoa korodani. Huo wa pili hufanywa mara moja na hauhitaji kununua dawa tena, jambo lenye uzito mkubwa kwa familia isiyo na bima. Ni uamuzi mgumu kwa mwanaume, na apewe muda wa kuufanya.

Mwisho, kuhusu karatasi. Vile vipande vya nta havitupwi baada ya majibu. Maabara huvitunza kwa miaka. Mgonjwa ambaye majibu yake yalisema saratani ya kawaida lakini ugonjwa unaenda tofauti, au anayetaka mtaalamu wa pili ausome ugonjwa wake upya, anaweza kuomba vipande hivyo au vioo vyake vipelekwe kwingine bila kukatwa nyama nyingine. Kinachohitajika ni namba ya maabara iliyo juu ya karatasi ya majibu. Ipige picha kwa simu siku ile ile unapoipokea.